Mama Yako Hakuhitaji Utajiri Kupata Presha

"Daktari, mama yangu nyama anaila sikukuu kwa sikukuu. Shamba analima mwenyewe, maji anabeba mwenyewe, na mwili wake ndio huo unaouona. Presha kaipatia wapi?"

Swali hili naulizwa kliniki, naulizwa msibani, naulizwa kwa simu na watu waliopewa namba yangu na shemeji wa jirani. Muulizaji huwa mtoto mwenye kazi yake mjini, aliyempakia mzazi wake kwenye basi baada ya mdomo kupinda na mkono mmoja kukataa kunyanyuka. Anauliza kwa mshangao wa kweli. Tangu utotoni ameambiwa kwamba presha na sukari ni magonjwa ya matajiri, ya watu wenye vitambi wanaoshuka kwenye gari na kuingia kwenye lifti, na mama yake hayumo katika kundi hilo. Kwa hesabu zake, basi, ama mashine imekosea ama kuna mkono wa mtu.

Mashine haijakosea na mkono wa mtu haupo. Siku zote nalijibu swali hili kwa sentensi mbili, mlango ukiwa wazi na wagonjwa wengine wakisubiri kwenye benchi. Leo nalijibu kwa kirefu, na sioni haya kusema limenichosha, kwa kuwa imani iliyo nyuma yake inaua wazee maskini, na wanaoieneza mara nyingi ni watu waliosoma.

Tuanze na ilikotoka. Imani hii ina wazazi, na wazazi wenyewe ni madaktari. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyekuwa akitibu watu Kisii, magharibi mwa Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha vya wanaume wapatao 1,000 wa eneo hilo. Presha ya vijana ilikuwa sawa na ya vijana wa Ulaya, ila baada ya miaka 40 ile ya Wazungu iliendelea kupanda na ya wanaume wale ikaelekea kushuka. Baada yake Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya kisha Mulago kule Kampala, aliandika kwamba magonjwa ya moyo na mishipa yalikuwa adimu kwa Waafrika aliowatibu. Vipimo vyao sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni na tafsiri iliyofuata: kwamba Mwafrika hapati presha mpaka atajirike na kuanza kuishi kizungu.

Watu wa Kisii ya 1929 walikula wimbi, mtama na mboga za majani kutoka shambani mwao, chumvi ikiwa haba, na walitembea kutwa. Hayo ndiyo yaliyowalinda. Umaskini wenyewe haukuwa na kinga yoyote ndani yake. Ondoa wimbi, ondoa mboga, leta chumvi, mwache mtu na umaskini wake ule ule, uone.

Kisha ikaja miaka ambayo mashine ya presha ilikaa hospitali kubwa tu, na aliyekwenda kupimwa bila kuumwa alikuwa ofisa, mfanyabiashara au mke wa mkuu wa wilaya. Ukipima matajiri peke yao utakuta presha kwa matajiri peke yao. Mkulima aliyeanguka shambani hakupimwa na mtu. Alizikwa, ikasemwa amekufa kifo cha ghafla, au amerushiwa kitu.

Aliyetaka kuujua ukweli ameweza kuujua tangu miaka ya 1980. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliokuwa wakiondoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha za wahamiaji zilianza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi, ile inayotokana na chumvi, na potasiamu pungufu, ile inayotokana na mboga na matunda. Mapigo ya moyo nayo yalikwenda mbio zaidi. Hawa walikuwa watu waliokuja mjini kutafuta kazi, wakala chakula cha kununua, wakaishi roho mkononi. Presha haikusubiri wapate vyeo. Iliwakuta bado wanabisha hodi kwenye mageti.

Na leo kilichowakuta Nairobi kimeshafika kijijini. Angalia sahani. Asiye na friji hali samaki mbichi isipokuwa siku ya bahati. Anakula ng'onda, papa mkavu na dagaa waliokaushwa kwa chumvi. Mboga inakolezwa kwa kiungo cha pakti ambacho nusu yake ni chumvi. Mafuta ni ya kupima, na mama anayekaanga maandazi anayarudia mpaka yageuke rangi. Asubuhi ni chai ya rangi yenye sukari nyingi na andazi, kwa sababu sukari ndiyo nguvu ya bei rahisi kuliko zote dukani. Ugali ni wa sembe nyeupe iliyokobolewa. Wakati huo huo, mjini, wenye nazo wamegundua dona, mtama, samaki mbichi na mboga za majani, na wanavinunua kwa bei kubwa katika maduka makubwa. Sahani ya Kisii ya 1929 imehamia kwa tajiri, na bado tunamwambia maskini kwamba presha si yake.

Kwa anayetaka ushahidi wa hapa Tanzania, upo Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, wilaya ya wakulima ambayo watafiti wameifuatilia kwa muda mrefu kuliko karibu wilaya nyingine yoyote nchini. Walipopimwa wazee wa vijijini wenye miaka 70 na kuendelea, karibu saba kati ya kumi walikutwa na presha ya juu. Wengi hawakuwa wakijua. Miongoni mwa waliojua si wote waliokuwa wakitumia dawa, na miongoni mwa waliotumia dawa ni wachache mno ambao presha yao ilikuwa imetulia. Kati ya 2003 na 2006 utafiti mwingine ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi Hai na katika eneo moja la Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai ilipata wagonjwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9, kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa duniani. Nikionyesha takwimu hizi huwa naambiwa, "Unaona? Mjini ndiko kwenye matajiri." Anayesema hivyo hajatembea mitaa ya Ilala. Wengi wa watu wa Dar es Salaam ni wachuuzi, wapiga debe, mama ntilie, vibarua na wazee wanaoishi chumba kimoja na wajukuu watano.

Sasa kuna wale wanaokubali kwamba maskini naye anaumwa, ila wanashikilia kwamba mkubwa anaumwa zaidi, kwa sababu ana mawazo ya kazi. Imani hii ilikuwepo hata Uingereza, na huko ilivunjwa hadharani. Kuanzia 1967 zaidi ya wanaume 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali mjini London walichunguzwa na kufuatiliwa kwa miaka mingi, katika utafiti unaojulikana kwa jina la Whitehall. Wote walikuwa na ajira na mshahara wa kila mwezi, wote walitibiwa bure na mfumo ule ule wa taifa. Hakuna aliyelala njaa. Michael Marmot na wenzake walipohesabu vifo, walikuta matarishi na wenzao wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya maofisa wa ngazi ya juu kabisa, na ugonjwa wa moyo ukiwa mbele. Kila ngazi iliumia zaidi ya ile iliyo juu yake, hatua kwa hatua, mpaka chini. Uvutaji sigara, presha na lehemu vilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo. Na walipofuatiliwa miaka 25, wengi wakiwa wamekwisha staafu na kuzeeka, tofauti ilikuwa bado ipo. Tarishi mstaafu alikwenda nayo nyumbani.

Kinachomla mtu wa chini ni kuagizwa bila kuulizwa, kutojua kesho itakuwaje, kukaa macho akipiga hesabu za ada na kodi ya chumba. Mwili hujibu hofu kwa kumwaga homoni zinazopandisha sukari na kubana mishipa. Hofu ya simba hudumu dakika chache. Hofu ya mwenye nyumba hudumu miaka 40, na mtu akifika miaka 65 mishipa yake inaonyesha.

Kuhusu wembamba, ambao kila muulizaji anaushika kama cheti cha afya: mwili mwembamba wa mzee wa kijijini mara nyingi ni kumbukumbu ya njaa. Mtoto anayenyimwa chakula tumboni huzaliwa na figo zenye vichujio vichache na kongosho dogo, na atatembea navyo hadi uzee. Waholanzi waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 walipopimwa wakiwa na miaka ipatayo 50, miili yao ilishindwa kuidhibiti sukari vizuri kama ya wenzao. Waliozaliwa Nigeria wakati wa njaa ya vita vya Biafra, vita vilivyoanza 1967 na kumalizika 1970, walipopimwa Enugu wakiwa na umri wa karibu miaka 40, walikutwa na presha na sukari za juu kuliko waliozaliwa baada yake. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya kisukari inayotokana na utapiamlo, inayowapata watu wembamba. Kwetu, waliozaliwa katika ukame wa 1974 na 1975 wamevuka miaka 50. Ndio wanaoingia uzeeni sasa, na bado kuna muuguzi atakayewatazama na kusema, "Huyu mwembamba, hana presha huyu."

Hapo ndipo imani inapoua. Bibi mwembamba anafika zahanati na malalamiko ya magoti. Hapimwi presha kwa sababu sura yake si ya presha. Anapewa diklofenaki, dawa ya maumivu, na ikimsaidia atakuwa anainunua mwenyewe dukani, vidonge viwili viwili, kila siku ya palizi. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa hiyo ikitumiwa mfululizo inapandisha presha na kuumiza figo. Magoti yameharibiwa na jembe la mkono, presha inapandishwa na dawa ya magoti, na kwa kuwa presha haiumi, dalili ya kwanza atakayoipata ni kiharusi. Mtoto wake atamleta kwangu na kuniuliza ameipatia wapi.

Wakati huo mkurugenzi mstaafu wa umri ule ule, mwenye presha ile ile, ameipima kwenye uchunguzi wa kila mwaka uliolipiwa na bima. Anameza kidonge kimoja asubuhi kwa miaka 20. Anakuja kliniki akitembea mwenyewe, analalamika kuhusu maegesho. Wote wawili wamepata ugonjwa mmoja. Pesa haikuamua nani augue. Imeamua nani ajue, lini ajue, na abaki na nini baada ya kuugua: mguu, jicho, figo, uwezo wa kutamka jina la mjukuu wake.

Mama mmoja wa miaka sabini na kitu, nilipomuuliza dawa zake, alifungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na noti iliyokunjwa na kipande cha amlodipini, dawa ya presha, kilichokatwa kwa mkasi, vidonge vinne. Alikuwa amepewa vya mwezi mzima miezi mitatu nyuma. "Nameza kichwa kikigonga, baba, siku nyingine nakipumzisha." Hakuwa mkaidi. Alikuwa amepiga hesabu. Kutoka kwake hadi barabara kuu ni bodaboda, kutoka barabara kuu hadi hospitali ya wilaya ni Haisi, halafu kurudi. Nauli ya siku moja ilizidi bei ya dawa zenyewe, na kila alipofika aliambiwa dawa zimekwisha, akanunue nje. Kwenye bahasha ya dawa palikuwa pameandikwa 1×1. Hasomi. Shule ilipofika kijijini kwao yeye alikuwa amekwisha olewa. Na hata angesoma, jicho moja lina mtoto wa jicho lililokomaa.

Hilo jicho nalo lina habari yake. Wanawake wa rika lake wameinama juu ya mafiga tangu wakiwa na miaka saba, kwa kuni, na penye uhaba wa kuni kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi ule unawaachia mapafu ya mvutaji sigara, wao ambao hawajawahi kushika sigara. Unawaachia macho mekundu pia. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho hayo, wakiitwa wachawi, na mashirika ya haki za binadamu nchini yameandika habari hizo kwa miaka mingi. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa jinsi ufukara unavyogeuka ugonjwa, na ugonjwa ukageuka hukumu ya kifo. Kwenye nyumba yenye jiko la gesi hakuna bibi mwenye macho hayo.

Sasa niseme kuhusu kikombe, maana najua nitaulizwa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Ilisemekana inatibu kisukari, presha, saratani na Ukimwi. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Mchungaji mwenyewe alifariki 2021. Kisukari hakikupona, presha haikupona, na wagonjwa walioacha dawa zao baada ya kunywa walirudi wodini wakiwa na hali mbaya zaidi. Hilo lilikwisha semwa. Lisilosemwa sana ni kwa nini wazee wengi hivyo walikwenda. Kikombe kilikuwa na bei moja kwa waziri na kwa mfugaji. Hakikudai faili, kadi wala barua ya rufaa. Kilinywewa mara moja, na hakuna aliyeambiwa arudi mwezi ujao. Kwa mtu ambaye kila mwezi anauza kuku ili afike kliniki, ahadi ya kutorudi ni kubwa kuliko ahadi ya kupona. Siwalaumu waliopanda magari yale. Nawalaumu sana wanaoendeleza biashara hiyo leo: wauza chupa za "kuzibua mishipa" na "kusafisha figo" wanaopita stendi, redioni na kwenye makundi ya simu za ndugu. Chupa zao si za shilingi 500. Nimeona familia zikichanga kununua dozi moja kwa pesa ambayo ingetosha amlodipini, na metformini ya kisukari, kwa mwaka mzima na zaidi. Hakuna kimiminika kinachonywewa kikazibua mshipa. Anayekuuzia anajua hakipo. Na kitunguu saumu, mlonge, ndimu na majani ya mstafeli kula ukipenda, ni vyakula na mimea, lakini ukiviweka mahali pa kidonge utapata kiharusi ukiwa na harufu ya kitunguu.

Wapo watakaosema dawa ya haya yote ni watoto kuwatunza wazazi wao. Watunze, sawa. Lakini mwaka mzima wa kidonge cha presha haufiki bei ya jeneza, na bado naona koo zinazochanga mamilioni kwa turubai, sare na pilau ya msiba wa mzee ambaye hakuna aliyemlipia nauli ya kliniki. Na wapo wazee wasio na mtoto wa kuwatunza. Wengi wanatunza wao, wajukuu walioachwa na wazazi waliokufa au waliokwenda mjini wakanyamaza. Afrika Kusini, mchumi Esther Duflo alikuta kwamba wasichana wanaoishi na bibi anayelipwa pensheni ya uzee wana afya na urefu bora zaidi. Pesa ya bibi inaishia kwenye sufuria ya nyumba nzima. Zanzibar ilianza 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au hapana, na baadaye ikapandisha hadi 50,000. Kenya inalipa shilingi zake 2,000 kwa mwezi kwa waliofika umri huo kupitia mpango wake wa Inua Jamii. Tanzania Bara, mkulima aliyelisha nchi miaka 50 hana pensheni. Kaya zilizo maskini kabisa zina ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, basi. Mimi ni daktari, na naandika haya kama daktari: kwa mama yule wa pindo la kanga, pesa ya nauli ya kila mwezi ni dawa ya presha kama ilivyo amlodipini.

Nafasi inaniishia, na najua mtoto aliyeko mjini anataka kuambiwa afanye nini. Mpime mzazi wako mwezi huu, mwembamba au mnene, ana dalili au hana, na ukimfikisha hapo mpime na sukari. Akae kimya dakika tano, mkono wazi, asiwe ametoka kubishana na kondakta. Kama namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, arudie siku nyingine, na ikibaki hapo anahitaji dawa. Dawa ni ya kila siku hata akijisikia vizuri. Presha haiumi, kwa hiyo kujisikia vizuri si ushahidi kwamba imeshuka. Za kawaida zilizoko kwenye maduka ya dawa zinatosha, usihangaike na boksi la rangi kutoka nje. Omba za miezi miwili au mitatu kwa mkupuo badala ya mwezi mmoja; kwa mgonjwa aliyetulia nakubali, na wenzangu wengi watakubali ukiwauliza. Akianza kizunguzungu anaposimama, arudi apunguziwe dozi, asiache mwenyewe. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo kwenye dagaa na kiungo cha pakti, isizidi kijiko kimoja cha chai. Dagaa waloweke na kumwaga maji. Diklofenaki ya kila siku iishe, kwa magoti aanze na paracetamol. Jiko litolewe ndani, au ukuta utobolewe moshi upite; ukiweza mtungi wa gesi, mnunulie mtungi kabla ya kumnunulia televisheni.

Kuhusu malipo: sera inasema mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, ila anayebaki nyumbani hatambuliwi. Nenda serikali ya kijiji au mtaa, aandikishwe, apate kitambulisho cha mzee, na kiwe mfukoni kila anapokwenda hospitali. Uliza dirisha la wazee. Ukiambiwa dawa hazipo, andika jina la dawa na tarehe, peleka kwa mganga mfawidhi, na kwenye kikao cha kijiji muulize diwani. Dirisha lisilo na vidonge ni bango tu. Mkatie bima kabla hajaugua, si siku ya kulazwa. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, na kambi za macho hupita wilayani mara kwa mara, nyingine bila malipo, uliza hospitali ya wilaya itakuja lini, na usikubali baba apelekwe kwanza kwa kuwa "mama anakaa tu nyumbani." Mweke mjukuu mmoja anayesoma awe mtu wa dawa, na mlipe kidogo. Mdomo ukipinda au neno likikwama ghafla, mpeleke hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, hata kama baada ya dakika kumi ameonekana kuwa sawa, na mhudumu wa kwanza utakayemkuta mwambie saa kamili ilipoanza.